Kaseti ya Kijivu, Kaseti ya Bluu

Kavugho, umeniuliza tena kwenye simu
ipi bora, na mimi bado sijakujibu.
Basi ngoja. Umeme umekatika tangu saa kumi,
nina betri nne za Birere, mbili kati yake za uongo,
na kaseti zote mbili ziko hapa juu ya godoro.

Tuanze na ya kijivu.
Haina ramani. Unaamka ufukweni, una kijiti,
hakuna anayekuambia lolote ila bibi mmoja
anayesema, "Kaskazini kuna baridi,"
kisha ananyamaza milele.
Wiki nzima tulizunguka msitu ule ule.
Ukachora njia ukutani kwa mkaa,
mama akaifuta akidhani ni uchafu,
tukapotea upya.

Ya bluu ina ramani, ina mshale,
ina ndege mdogo anayetangulia akiita huku, huku.
Ina rangi, na rangi ni tamu, nakubali:
ziwa lake linaishinda Kivu ya asubuhi ya Juni.
Niliimaliza kwa siku nne.
Nikajihisi kama mtoto aliyebebwa mgongoni hadi sokoni:
amefika, lakini miguu yake haijui njia.

Halafu ule mlima wa moto uliousifu.
Nilicheka peke yangu.
Lava yao ina rangi ya chungwa, inatokota mahali pake
kama maharage yanayongoja chumvi;
ukiikanyaga unapoteza nusu ya moyo,
unaruka kando, safari inaendelea.
Nusu ya moyo! Waulize watu wa Buhene.
Lava huja bila muziki,
na kesho yake ni nyeusi, bado ina joto chini ya sandali,
na mtu anaitafuta nyumba yake
kwa kuhesabu nguzo za umeme.

Ya kijivu haina lava.
Ina miraba myeusi tu, mamia,
huivuki, unaizunguka.
Aliyeitengeneza hajawahi kuuona uwanja wetu,
ila aliuchora.

Usiku ule wa kukimbilia Sake
mama alibeba sufuria, mimi bata,
wewe mashine, ndani ya soksi.
Barabara nzima watu, kama mchele uliomwagika,
nawe ulicheza ukitembea
mpaka kitaa chekundu kikafifia.
Nilichokiona cha dunia usiku ule
ni kidevu chako, kikiwaka kijivu.

Na suala la jina.
Ya kijivu hukubali herufi nne. Ukaandika KAVU.
Kavu, katika mchezo wenye mvua kila chumba!
Ya bluu ilikuandika mzima,
ikatoa nafasi tatu za kuhifadhi,
kila mtu na yake, hakuna ugomvi.
Ya kijivu ina nafasi moja:
anayeanza upya anamfuta aliyetangulia.
Ndiyo maana tulipigana.
Ndiyo maana tukaishia kucheza pamoja,
wewe vidole, mimi macho.

Fundi wa Katindo ameifungua.
Anasema ndani kuna betri ndogo kama kidonge,
ndiyo inayoshika kumbukumbu, na imechoka.
Akiibadilisha, Kavu anapotea.
Asipoibadilisha, anapotea pia,
ila siku haijulikani.
Nimemwambia afunge.

Bado umesimama mbele ya mlango wa mwisho,
mioyo miwili, kijiti kimekuwa upanga,
tangu mwaka ulipoolewa Kisangani.
Sijaufungua.
Jioni nyingine nawasha tu
nikusogeze hatua moja kushoto, usife ganzi,
kisha nazima.

Unauliza ipi bora.
Ya bluu ni bora. Nitamtumia mwanao kwa ndege ya Jumatano.
Ya kijivu, njoo uichukue mwenyewe,
na uje na betri za kweli.